Kabla hujaenda mnadani: kufufua koti na sweta la zamani kwa ajili ya kipupwe

Ukiona watu wa Njombe wameanza kuota moto nje ya maduka saa moja asubuhi, ujue Juni imeingia, na simu yangu haitapumzika hadi Agosti iishe. "Fundi, nina koti langu la siku nyingi, sijui kama linatengenezeka." Linatengenezeka, mama. Katika miaka yangu yote ya cherehani, makoti niliyoyakataa kabisa hayafiki matano, na moja kati ya hayo lilikuwa limezaliwa panya ndani yake.

Nguo haichakai yote kwa pamoja. Inaanza pembeni: kwenye kola, ncha za mikono, pindo, vifungo, zipu, midomo ya mifuko. Mgongoni na kifuani kitambaa kinaweza kubaki kizima miaka ishirini. Na baridi nayo inapita huko huko pembeni, shingoni na viganjani na kiunoni. Ukishughulikia pembeni umemaliza kazi mbili kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mteja akiniambia anataka "nguo mpya za baridi", mimi namuuliza kwanza ana nini sandukuni.

Andaa sindano za mkono, uzi wa poliesta wa rangi nyeusi, kahawia na nyeupe, wembe mpya, pini, futi kamba, koleo ndogo, kipande cha mshumaa na kiberiti. Ukiwa na cherehani vizuri zaidi, ila sehemu kubwa ya kazi hizi inafanyika kwa mkono, umekaa jikoni karibu na jiko.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu kitandani

Fanya mchana, dirisha likiwa wazi. Taa ya usiku inaficha mambo. Inua kila nguo ya sufu uielekeze kwenye mwanga. Ukiona vitundu kama vya pini, nondo wamepita. Kisha tenga mafungu: ninayoipenda na nzima, ninayoipenda na ina kasoro, nisiyoipenda. Fungu la tatu mpe mtu leo leo. Kuna wateja wananiletea nguo ya zawadi ambayo hawajawahi kuipenda, tunaihangaikia wiki nzima, na mwaka unaofuata naiona imevaliwa na shamba boy. Uzi weka kwenye nguo uliyoivaa mpaka ikachoka.

Hatua ya 2: Jua nguo ni ya kitambaa gani

Lebo zikiwa zimekatwa, na kwenye mitumba mara nyingi zimekatwa, chomoa uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani, ushike kwa kibano juu ya sahani, uwashe. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inabaki jivu linalovunjika ukiligusa. Pamba inanuka karatasi. Poliesta na akriliki zinayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi.

Usiione hatua hii ndogo. Mwanzoni kabisa nililetewa sweta jeupe la mwalimu mmoja, zito, laini, nikajisemea hii sufu safi. Nikaliwekea pasi ya mkaa. Halikuungua wala halikutoa moshi, lilitulia tu kama ugali uliomwagiwa maji. Lilikuwa akriliki. Akriliki ikishapigwa joto kali inalegea, haivutiki tena ikarudi, na hakuna dawa. Mikono ya sweta ilimfika mwalimu magotini. Nilimfidia kwa sketi mbili, na tangu siku hiyo kiberiti kinakaa kwenye droo ya cherehani.

Hatua ya 3: Fua, lakini kila kitu na namna yake

Sufu inaogopa vitu viwili vikikutana: maji ya moto na kusuguliwa. Hapo ndipo sweta la mtu mzima linapogeuka la mtoto. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni laini, hata shampuu ya nywele inafaa. Bonyeza, usisugue. Usikamue kwa kusokota. Likunjie ndani ya taulo kavu kama chapati, kandamiza, kisha litandaze juu ya mkeka kivulini. Ukilitundika kwenye kamba likiwa na maji, uzito wa maji utalivuta mabega.

Vile vidonge vidogo vinavyoota makwapani na ubavuni vinatoka kwa wembe. Tandaza sweta mezani, livute kidogo, pitisha wembe ukiwa umeulaza kabisa, upande mmoja tu bila kurudi nyuma. Dakika kumi, sweta linakuwa jingine. Kati ya kazi zote, hii ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo watu wanayoipuuza.

Hatua ya 4: Shughulikia pembeni

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo sitakimbia.

Kola ya shati. Shati zito la baridi likizeeka, kola inakwanguka pale inapokunjika shingoni, huku upande wake wa chini ukiwa mpya kama jana. Basi igeuze. Weka pini katikati ya kola, na nyingine katikati ya kile kipande kinachozunguka shingo, ili zikutane tena baadaye. Fumua kwa wembe mshono mmoja tu, ule unaounganisha vipande hivyo viwili; usiguse mshono wa shingo na mwili wa shati. Kola ikitoka, piga mishono michache ya mkono pale palipokwanguka pasiendelee kuchanika. Igeuze, chini kuwe juu, irudishe ndani ya kile kipande, kutanisha pini zako, piga bandi, yaani mishono mirefu ya mkono ya kushikilia kwa muda, kisha pitisha cherehani juu ya matundu yale yale ya zamani. Kola zenye vijifuko vya vijiti kwa nyuma ziache, maana vijifuko vitakuja mbele. Nyingine zote zinageuka. Mafundi wazee walikuwa wanaifanya kazi hii kila siku. Leo mteja akiiona anadhani umemnunulia shati.

Vifungo vya koti. Kubadilisha vifungo ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuwadanganya majirani kwamba umenunua koti. Tafuta seti nzima kutoka kwenye koti jingine lililokufa, lakini pima kwanza kama vinapita kwenye matundu. Kosa ninaloliona ni kukishona kifungo kikabana kabisa kwenye kitambaa. Koti zito likifungwa, kifungo hakina nafasi, kitambaa kinajikunja na uzi unakatika. Laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, kati ya matundu yake, uzi upite juu ya njiti. Pitisha mara sita au nane. Chomoa njiti, vuta kifungo juu, na ule uzi uliolegea chini yake uzungushe mara tano ili uwe kama kishingo, kisha ufunge kwa nyuma. Kwa koti zito sana weka kifungo kidogo upande wa ndani, ushone vyote viwili pamoja, ili mvuto usichane kitambaa.

Zipu. Ikiwa inapanda lakini meno yanaachia nyuma yake, tatizo si meno, ni kichwa cha zipu kimetanuka. Kibane kwa koleo upande wa kushoto kidogo, wa kulia kidogo, ujaribu, urudie. Ukibana kwa hasira kitapasuka. Ikiwa inakwama, sugua mshumaa kwenye meno. Kichwa kikifa kabisa, begi bovu la shule lina vingine. Hakikisha tu ukubwa wa meno unalingana. Zipu nzima badilisha meno yakianza kung'oka, si kabla.

Kiwiko cha sweta. Kwa tundu lisilozidi ukubwa wa sarafu, ingiza kitu cha mviringo ndani ya mkono wa sweta. Wengine hutumia globu ya taa iliyoungua. Sisi huku tunatumia parachichi bichi, gumu, ambalo halikosekani. Piga nyuzi kwenda juu na chini juu ya tundu, ukianzia kwenye kitambaa kizima nusu sentimita nje ya ukingo. Kisha pitisha nyuzi za kukata, juu ya mmoja, chini ya mwingine, kama unasuka mkeka. Usivute, maana ukivuta unapata kovu. Tundu likiwa kubwa zaidi, weka kiraka cha ngozi ya mkoba wa zamani au cha kitenge, na uweke viwiko vyote viwili hata kama kimoja ni kizima. Kiraka kimoja ni umaskini, viwili ni mtindo. Sikutunga mimi sheria hiyo.

Ncha za mikono. Zikichanika, zizungushie utepe wa kitenge wa sentimita nne uliokatwa mshazari. Ila kitenge hakivutiki kama sweta. Kabla hujakata, kunja ngumi, pima mzunguko wa ngumi, ongeza kidogo. Nimeshamfunga mteja mkono wake ndani ya sweta lake mwenyewe.

Hatua ya 5: Koti lililotoka mbali

Makoti yetu mengi ni mitumba ya Ulaya na Marekani. Wazee waliziita nguo hizi kafa Ulaya, wakiamini mwenyewe alishafariki. Koti la aina hiyo limeshonwa kwa mtu anayetoka nyumba yenye joto kwenda kwenye theluji. Kipupwe chetu ni kingine: asubuhi nyuzi 7 au 8, saa saba mchana nyuzi 20 na jua kali, na ndani ya nyumba ni baridi kuliko nje. Koti la theluji linakuwa tanuri ikifika adhuhuri.

Kwa hiyo liwekee upya ndani. Fumua bitana, uangalie kilichojificha kati ya bitana na koti. Pakiwa na tabaka nene la pamba, litoe. Toa na mito ya mabega ikiwa inakufanya uonekane umebeba gunia. Tumia bitana ya zamani kama kielelezo cha kukatia kitenge. Kitenge kifuliwe kwanza, peke yake, tena na tena mpaka maji yatoke safi, kwa sababu kinarudi na kinatoa rangi. Watu wanatia chumvi kwenye maji wakidhani inakamata rangi. Kwa vitenge vya siku hizi sijaona tofauti. Kwenye koti zito tumia sindano ya cherehani namba 16, kwenye kitenge kitupu namba 14. Acha kitenge kiwe kipana kuliko koti kwa sentimita mbili mgongoni, ukunje pindi ndogo katikati, la sivyo kitachanika siku ya kwanza utakapoinama.

Koti jeusi la kawaida likifunguka na kuonyesha kitenge cha manjano, hakuna atakayeuliza lilitoka kwenye belo gani.

Hatua ya 6: Vikorombwezo

Pesa yako ndogo iweke hapa. Shuka moja la Kimasai linatoa skafu tatu: likate kwa urefu, chomoa nyuzi za mwishoni sentimita tano, uzifunge vifundo ili zisiendelee kufumuka. Skafu ya kitenge peke yake haina joto, ni pambo tu. Ishone na kipande cha blanketi la zamani la manyoya kwa upande wa ndani, iguse shingo. Kofia za kufuma nunua kwa akina mama wa stendi, usijisumbue. Mkanda wa ngozi juu ya sweta pana unazuia upepo unaopanda kutoka chini, na unalipa umbo sweta lililotanuka.

Rangi usizipigie hesabu nyingi. Tafuta kitenge chenye rangi moja iliyomo pia kwenye koti, inatosha.

Hatua ya 7: Vaa kwa tabaka

Fulana ya pamba, shati, sweta jepesi, koti. Joto linakaa katika hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, kwa hiyo nyembamba tatu zinashinda moja nene, na zinavulika moja moja jua likipanda. Tabaka la ndani lisibane.

Hatua ya 8: Septemba

Fua kila kitu kabla ya kuhifadhi, hata kile unachodhani ni kisafi. Wanaokula sufu si nondo wanaoruka, ni viwavi wao, na wanapenda zaidi palipo na jasho au tone la mchuzi. Anika, piga makoti kwa mkono, pitisha brashi kwenye mishono na chini ya kola ambako mayai hujificha. Kunja masweta, usiyatundike. Sanduku la bati linalofunga vizuri linatosha. Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, siiweki kwenye nyumba yenye watoto, maana wanaidhania peremende.

Kisha andika kikaratasi ukitie kwenye mfuko wa koti. Changu cha mwaka huu kimeandikwa: kifungo cha tatu kinalegea, mfuko wa kulia umetoboka, nunua uzi wa kahawia.