Matone ya kuzuia uvimbe kwa upasuaji wa mtoto wa jicho, yatumie hivi

Ukipewa kile kichupa kabla ya siku ya upasuaji usikiweke kabatini eti utaanza ukishapasuliwa. Matone ya kundi la ketorolaki, nepafenaki, diklofenaki mara nyingi yanaanzwa siku moja hadi tatu kabla, kwa sababu yanasaidia mboni isisinyae daktari akiwa kazini, halafu baadae yanapunguza maumivu na kuzuia sehemu ya nyuma ndani ya jicho kujaa maji, na hilo la maji huja kimyakimya wiki kadhaa baada ya upasuaji wakati we ushajiona umepona. Ndo maana nasema usiache eti jicho haliumi tena, fata siku ulizoandikiwa.

Kabla hujaanza mwambie daktari kila kitu, yaani usione aibu. Kama aspirini au dawa za maumivu zinakubana kifua au una pumu, kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama una kisukari, baridi yabisi, macho makavu, au hilo jicho lilishapasuliwa karibuni. Kwa baadhi ya watu hawa haya matone yanaweza kubana kifua, kuongeza kutoka damu au kuchelewesha kidonda kupona, na mara chache sana kioo cha mbele cha jicho kinaliwa mpaka kinatoboka. Ni nadra lakini ndo sababu hata aliye mzima hatakiwi kuongeza siku au matone kwa akili yake, wala kuazima kichupa cha jirani.

Kutia sasa. Nawa mikono kwa sabuni, tikisa kichupa kama kimeandikwa hivyo (nepafenaki inatikiswa), inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini ifanye kimfuko, tone moja tu linatosha, la pili linamwagikia shavuni bure. Ncha isiguse jicho wala kope wala kidole. Fumba taratibu bila kukaza, bonyeza kona ya jicho karibu na pua kama dakika moja au mbili ili dawa isiteremkie kooni. Kuwasha kidogo ukitia ni kawaida. Una matone mengine? Subiri dakika tano katikati, ukitia fastafasta la pili linaosha la kwanza. Ukisahau tia ukikumbuka, ila kama muda wa lingine umekaribia ruka, usitie mawili kufidia. Lenzi za kuvaa usivae mpaka daktari aseme.

Hapa watu wengi wanachanganya: ukipewa pia matone ya steroidi, kama prednisoloni, hayo ni dawa nyingine kabisa japo nayo ni ya uvimbe. Yanaweza kupandisha presha ya jicho na kwa kawaida hupunguzwa kidogokidogo, sio kukatwa ghafla, kwa hiyo andika jina la kila kichupa na ratiba yake kwenye karatasi ubandike ukutani, la sivyo ukiwa na vichupa vitatu vinavyofanana utachapia tu.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, uoni ukififia, jicho likizidi kuwa jekundu, likitoa usaha au mwanga ukianza kuliumiza, usingoje kesho wala usiongeze matone, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.