Kabla hujanunua kibodi au monita, geuza CPU uone matundu ya nyuma

Kama unafungua steshenari yako Uyole au Mwanjelwa hapa Mbeya na umepata CPU ya mtumba (lile boksi la kompyuta) kwa bei ya kueleweka, usikimbilie dukani kununua vifaa, igeuze kwanza uone mgongoni ina matundu gani.

Yale mawili ya duara ndo PS/2, IBM walikuja nayo 1987. La zambarau ni la kibodi, la kijani la mausi. Kichwa cha waya wake kina pini sita nyembamba, lenga vizuri ndo usukume, ukilazimisha zinapinda na hapo utaanza kuhangaika na koleo. Halafu zima mashine kabla ya kuchomeka, maana ikiwa imewaka mara nyingi haisomi mpaka uristati, na bodi zingine unaweza ukaziunguzia fyuzi. USB haina hayo, unachomoa unachomeka tu.

Sasa uchukue ipi? Kama unatoa hela mpya nunua USB, kwa sababu kesho ukibadilisha CPU au ukitaka kuitumia kwenye laptopu, ya PS/2 haina pa kuingia. Ila kama unayo tayari na inaandika vizuri usiitupe bwana, iache kwenye tundu lake, inakuachia USB za printa na flashi za wateja, na wanachuo wakija kuprinti asubuhi unajua wenyewe foleni inavyokuwa. Na lile tundu la USB la bluu, kama lipo, usichomeke mausi, liachie hard disk ya nje, maana hilo kawaida ni USB 3 inayofika spidi ya 5 Gbps wakati USB 2 inaishia 480 Mbps.

Kuna kaadapta kadogo ka kijani ka kuingiza mausi ya USB kwenye PS/2, hako kanaunganisha waya tu, hakana chipu, kwa hiyo mausi yenyewe isipotengenezwa kutumia njia zote mbili haisomi. Kupeleka PS/2 kwenye USB ndo unahitaji waya wenye chipu, mara nyingi una mikia miwili.

Kwenye monita ndo watu wanapigwa. Za mtumba nyingi bado zina VGA, ile ya bluu yenye matundu 15 na skrubu pembeni, na kwa kazi za steshenari inatosha kabisa. Shida inakuja CPU ikiwa na HDMI tu, lile tundu jipya zaidi la picha, unaenda kuomba "konveta ya VGA" unapewa ya kinyume. HDMI ni dijitali, VGA ni analogi, konveta inabadilisha upande mmoja tu, kwa hiyo mwambie muuzaji hivi: picha inatoka HDMI inaingia VGA. Sauti haipiti kwenye VGA, spika utazichomeka kivyake.

Na wenye laptopu za USB-C, lile tundu dogo kama la kuchajia simu mpya, sio kila tundu la hivyo linatoa picha, mengine ni ya kuchaji na data tu, nenda nayo dukani waya ujaribiwe kwenye monita kabla hujalipa.