Teremsheni Pampu Mtoni

Kila kiangazi naitwa mashambani kando ya Ruaha Mdogo, hapa Iringa, nikaangalie pampu "iliyokufa". Nafika naikuta nzima, imekaa juu ya ukingo chini ya mparachichi, mpira wa inchi moja na nusu ukining'inia hadi mtoni. Ndani inalia kama imemeza kokoto. Mwenyewe keshaanza kuulizia bei ya pampu kubwa zaidi.

Pampu kubwa haitasaidia. Pampu haivuti maji: inapunguza hewa mpirani, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Pale Dar es Salaam hewa hiyo huweza kuyainua kama mita 10.3. Huku kwetu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, ni kama 8.6. Mtaji wenu ndio huo, hata mfunge injini ya trekta.

Tutoe matumizi. Pampu nyingi ndogo hutaka zibakiziwe kama mita 3 za msukumo huo mdomoni, la sivyo maji yanageuka mapovu ya mvuke na kula panga zinazozunguka ndani ya pampu. Zinabaki 5 na kitu, za kulipia kimo cha kupanda hadi kwenye pampu na msuguano wa maji mpirani. Mpira wa inchi 2, urefu mita 20, ukipitisha lita 3 kwa sekunde, unakula kama mita 1. Ule wa inchi moja na nusu unakula 4! Shilingi mlizookoa dukani mnazilipa kwa petroli.

Basi: kimo kutoka uso wa maji hadi mdomo wa pampu kisizidi mita 3. Mita 3 za wima, si hatua tatu za kuteremka ukingo, na msinipimie Aprili mto umejaa. Pimeni Oktoba, maji yakiwa chini kabisa. Mpira wa kuvutia uwe inchi 2, mgumu usionywea, usizidi mita 8, usiwe na nundu inayopanda juu ya pampu maana hewa hujificha hapo. Chujio lizame sentimita 30 au zaidi, lisiguse tope. Kazi ya kupandisha maji shambani iachieni pampu; kusukuma inaweza.

Mnaogopa wezi? Pampu ya inchi 2 watu wawili wanaibeba jioni kurudi nyumbani.

Ikikaa sawa, mlio unatulia na maji hayakohoi. Mvua za Novemba zikianza, ipandisheni kabla mto haujaichukua.