Kabla ya Kukubali Kazi Katika Mji Usioujua Ugenini

Barua ya ajira kutoka nchi ya mbali aghalabu huja na tarehe ya mwisho ya kujibu, na tarehe hiyo huwa fupi kuliko maswali yanayostahili kuulizwa. Hatua ya kwanza, basi, ni kuomba muda. Mwajiri anayemhamisha mtu kutoka nchi moja hadi nyingine anafahamu kwamba shughuli za viza pekee huweza kuchukua miezi, kwa hiyo wiki moja au mbili za ziada hazimharibii ratiba. Akikataa katakata kuzitoa bila kueleza sababu, liandike jambo hilo, kwa kuwa tayari umepata taarifa yako ya kwanza kuhusu mahali unapokwenda kufanya kazi.

Watu wengi huanza kwa kulinganisha mishahara, na wakishavutiwa na tarakimu kubwa, kila kinachofuata hukitazama kwa jicho la kutaka kukubali. Mwongozo huu unakwenda kinyumenyume: unaanza na siku ambayo kazi hiyo itakwisha, kwa hiari au kwa kufukuzwa, na mshahara unaufikia baadaye.

Siku kazi itakapokwisha

Ukiwa kwenu, kupoteza kazi ni kupoteza kipato. Ukiwa ugenini, mara nyingi ni kupoteza pia haki ya kuishi katika mji huo, kwa sababu vibali vingi vya kazi hufungamana na mwajiri aliyekuombea. Swali la kwanza kulipatia jibu, kwa maandishi, ni hili: nikiachishwa kazi, nina siku ngapi za kutafuta nyingine kabla sijalazimika kuondoka?

Jibu hutofautiana mno kati ya nchi na nchi. Marekani humpa mwenye viza ya H-1B, ambayo ni viza ya kazi kwa wataalamu wa kigeni, hadi siku 60, au mpaka muda wa kibali chake uishe, kutegemea kinachotangulia. Chini ya sheria ya mwaka 2021 inayosimamia Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha kazi na makazi kwa wataalamu wanaotoka nje ya Umoja huo, mwenye kadi aliyekaa nayo kwa chini ya miaka 2 anaweza kukosa ajira kwa miezi 3 kabla kadi hiyo haijaweza kuondolewa kwa sababu hiyo, na aliyekaa nayo kwa miaka 2 au zaidi hupewa miezi 6. Katika nchi za Ghuba, ambako mfumo wa udhamini ujulikanao kama kafala umetawala kwa miongo mingi, suala zito zaidi limekuwa kama mfanyakazi anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ruhusa ya wa kwanza. Qatar iliondoa sharti la ruhusa hiyo mwaka 2020, lakini sheria za jirani zake si nakala ya sheria yake, na usidhani kwamba yaliyo kweli Doha ni kweli kila mahali.

Zisome kanuni hizo katika tovuti ya idara ya uhamiaji ya nchi husika, wala usitosheke na maelezo ya ofisa wa rasilimali watu wa kampuni. Si lazima awe anadanganya. Kazi yake ni kukufikisha, na wengi wa maofisa hao hawajawahi kulazimika kujua nini humpata mtu baada ya kuachishwa.

Kisha rudi kwenye mkataba. Tazama kipindi cha majaribio kina urefu gani, na notisi ndani yake ni ya siku ngapi, kwani mtu aliyevunja makazi yake na kuhama na familia anaweza kujikuta akiachishwa kwa notisi ya wiki moja tu. Tazama nani analipa nauli ya kurudi. Tafuta kifungu cha kurejesha gharama za uhamisho: kampuni nyingi hulipia tiketi, usafirishaji wa mizigo na malazi ya mwanzo kwa sharti kwamba ukiondoka kabla ya mwaka mmoja au miwili utazirudisha. Sharti hilo ni la haki likimhusu anayeacha kazi mwenyewe. Likimhusu pia aliyepunguzwa kazini na kampuni, omba libadilishwe kabla hujatia saini, maana baada ya hapo huna tena cha kujadili.

Kazi ikipitia kwa wakala, kuna vipimo vya haraka. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Si kila nchi imeuridhia, lakini kipimo chake ni kizuri popote: anayekudai fedha ili akupatie kazi anafaidika hata kazi hiyo isipokuwapo. Ukiambiwa usafiri kwa viza ya matembezi kisha “mambo yatarekebishwa ukifika”, kataa. Na yeyote atakayetaka kukushikia pasipoti baada ya kuwasili, shirika hilohilo linahesabu kitendo hicho miongoni mwa dalili za kazi ya kulazimishwa.

Mwenza, watoto na wanaokutegemea

Uhamisho mwingi huvunjika kwa sababu ya mtu ambaye jina lake halimo kwenye mkataba. Mwenza anayeacha kazi yake ili akufuate anaweza kufika na kukuta sheria haimruhusu kufanya kazi yoyote. Nchini Marekani, mume au mke wa mwenye H-1B kwa kawaida haruhusiwi kuajiriwa, isipokuwa baadhi yao ambao, tangu mwaka 2015, wanaweza kuomba kibali pale mwenye viza amefikia hatua fulani ya kutafuta ukaazi wa kudumu. Uingereza huwaruhusu wategemezi wa wenye viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kufanya kazi, ila kuanzia Machi 2024 wahudumu wa kutunza wazee na wagonjwa walioomba viza hiyo kwa mara ya kwanza hawakuruhusiwa kuja na wategemezi kabisa, na tangu Julai 2025 njia hiyo imefungwa kwa wahudumu wapya wanaoomba kutoka nje ya nchi. Nchi ileile, viza ileile, na kazi tofauti imeleta jibu tofauti kwa familia.

Kwa hiyo mwenza wako asome masharti hayo mwenyewe, na uamuzi uwe wake pia. Muulize atafanya nini saa nne asubuhi ya Jumanne katika mwezi wa pili, wewe ukiwa kazini na watoto wakiwa shuleni. Asipokuwa na jibu, tatizo hilo halitajitatua lenyewe mkifika.

Kwa wazazi wazee na ndugu unaowasaidia, tenganisha yale unayowafanyia kwa fedha na yale unayowafanyia kwa kuwapo. Ya kwanza huenda yakaimarika ukihama. Ya pili, kama kuwapeleka hospitali au kusimamia ugomvi wa mali, yanahitaji mtu mwingine aliyekubali kwa kinywa chake, na wala si mtu uliyemdhania tu.

Mshahara, ukiisha kukatwa

Kubadilisha mshahara mpya kwa fedha za kwenu kisha kushangilia ni hesabu isiyo na maana, kwa kuwa hutautumia kwenu. Linganisha kinachobaki. Anza na mshahara ghafi, toa kodi ya mapato, michango ya hifadhi ya jamii na bima ya afya, kisha toa kodi ya nyumba kwa kutazama matangazo halisi ya nyumba zilizo ndani ya mwendo wa saa moja kutoka kazini. Toa karo, usafiri, nauli ya kwenda kwenu walau mara moja kwa mwaka, na fedha unazotuma kila mwezi. Kinachosalia ndicho cha kulinganishwa na kinachosalia sasa.

Kutokuwapo kwa kodi ya mapato kusikulevye. Umoja wa Falme za Kiarabu haukati kodi ya mapato kwenye mishahara, lakini mfanyakazi mgeni kwa kawaida hana pensheni ya huko. Mahali pake kuna kiinua mgongo, ambacho kwa sheria ya kazi ya jumla ni mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Kiasi hicho hukokotolewa kwa mshahara wa msingi pekee. Ndiyo sababu mikataba miwili yenye jumla ileile inaweza kutofautiana sana, endapo mmoja umeweka sehemu kubwa kwenye posho ya nyumba na usafiri. Uliza mgawanyo huo kabla ya kuuliza nyongeza.

Miezi miwili ya mwanzo ndiyo hubana zaidi. Mshahara wa kwanza huja mwishoni mwa mwezi, lakini mwenye nyumba hudai dhamana mapema: Ujerumani sheria inamruhusu kudai hadi kodi ya miezi 3, na Uingereza, kwa upande wa England, ukomo wa kawaida ni kodi ya wiki 5. Uingereza pia huwatoza wageni ada ya huduma ya afya, ambayo kwa kawaida hulipwa kwa miaka yote ya viza kwa mkupuo, kwa kila mwanafamilia. Ada za aina hiyo ni jambo la kujadiliana na mwajiri, na wengi hulipa wakiombwa, lakini ni nadra wajitolee wenyewe. Hata hivyo, bila akiba inayotosha kuishi miezi 3 katika mji huo, mimi nisingeondoka, hata mkataba ungekuwa mzuri kiasi gani.

Kuhusu kodi za nchi mbili, fahamu kwamba nchi nyingi hutumia siku 183 za kuwapo nchini katika mwaka kama mojawapo ya mipaka ya kuamua wapi unalipa, na kwamba Marekani huwadai raia wake kodi popote wanapoishi. Zaidi ya hapo, mlipe mtaalamu wa kodi kwa saa moja.

Mji wenyewe

Ukiweza kuutembelea, nenda katika msimu wake mbaya. Mtu aliyeiona Helsinki mwezi Juni, mwanga ukiwapo karibu usiku kucha, hajaujua mji ambao mwishoni mwa Desemba hupata mchana usiofikia urefu wa saa 6. Usikae hotelini katikati ya mji. Lala kwenye mtaa ambao mshahara wako ungeumudu, na asubuhi panda usafiri wa umma kwenda ofisini kwa saa ambayo ungepaswa kufika.

Usipoweza kwenda, tafuta watu wawili: mmoja aliyefanya kazi katika kampuni hiyo akaondoka, na mmoja wa hali kama yako, kwa rangi, dini, jinsia au ulemavu, anayeishi mjini humo. Wa kwanza muulize kwa nini aliondoka. Wa pili muulize ilimchukua muda gani kupata nyumba, kwani katika swali hilo la kawaida majibu mengi mengine hujitokeza yenyewe.

Lugha ya ofisini isikudanganye. Kampuni inaweza kuendesha mikutano yake yote kwa Kiingereza, na bado mkataba wa nyumba, barua ya mamlaka ya kodi na maneno ya muuguzi usiku wa manane vikawa katika lugha usiyoielewa. Uliza kama mwajiri atalipia masomo, na kama yatakuwa ndani ya saa za kazi.

Ikiwa taaluma yako husajiliwa, kama vile udaktari, uuguzi, ualimu au uanasheria, hakikisha usajili unapatikana kabla ya jambo lingine lolote. Nchi zilizo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1961 hupokea hati zilizobandikwa cheti kimoja kiitwacho apostile. Nje ya mkataba huo, vyeti huhitaji kuthibitishwa hatua kwa hatua hadi ubalozini, na kazi hiyo huchukua muda.

Upweke nao uuingize kwenye hesabu. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika makala aliyoichapisha mwaka 1960, alieleza jinsi mgeni anavyoanza kwa kufurahia kila kitu, kisha akafika mahali pa kuchukia hata mambo madogo, kabla ya kuzoea. Watafiti waliomfuata wameonyesha kwamba si kila mtu hupita njia hiyo kwa mpangilio huo, lakini ni busara kutofanya uamuzi wa kurudi ukiwa katikati ya wiki mbaya.

Kufikia jibu

Andika maelezo ya mwaka mmoja ujao mara tatu: mambo yakienda vizuri, yakienda kwa wastani, na ukiachishwa kazi mwezi wa tano. Maelezo ya kwanza yaweke pembeni, maana kila mtu angeyakubali. Kama ya wastani ni bora kuliko maisha yako ya sasa, na ya tatu unaweza kuyavumilia bila kuingia kwenye deni usiloweza kulilipa, una sababu ya kwenda. Kama ya tatu yanakuangusha kabisa, usikate tamaa bado. Tafuta ni kifungu gani cha mkataba, au akiba ya kiasi gani, ingeyabadilisha, kisha ukadai kifungu hicho au uahirishe safari ukijenga akiba.

Mkiwa wawili, kila mmoja aandike masharti ambayo yakitokea mtarudi, kabla ya kuondoka na bila kuonyeshana mpaka mmalize. Mkubaliane pia tarehe ya kuyapitia tena, kwa mfano baada ya miezi 12.

Ukikubali, usiache kazi uliyo nayo wala usivunje mkataba wa nyumba mpaka viza iwe imetolewa. Barua ya ajira haikupi haki ya kuingia nchini, na maombi ya viza hukataliwa hata kwa watu wenye mikataba iliyotiwa saini. Ukikataa, jibu mapema na utaje sababu halisi, iwe ni kibali cha mwenza, kipindi cha majaribio au gharama za kuanzia, kwa kuwa mwajiri anayekuhitaji kwa dhati anaweza kurudi na masharti mengine.