Gumba, kifundo na shingo: namna ya kuutunza mwili ukicheza gemu za mashindano

Kabla hujapaka dawa yoyote, weka kidole kimoja pale panapouma. Wengi wanaonijia huushika mkono mzima na kusema "ni hapa kote", lakini nikiwatuliza na kuwaomba waonyeshe kwa ncha ya kidole, pahali penyewe hupatikana. Ukishajua pahali, umejua pa kuanzia.

Kazi yangu ni fiziotherapia, hapa Mombasa. Jioni nikitoka kazini hupitia kwenye banda la gemu la shemeji yangu, basi vijana nawaona pale pale wanapoumia: kwenye benchi lisilo na egemeo, runinga imetundikwa karibu na dari, mabega yamepanda hadi masikioni. Haya ninayoandika ni yale ninayowaambia wao.

Tuanze na gumba, maana wachezaji wa kandanda ya PlayStation (PS) wengi huumia hapo. Gumba la kushoto halibanduki kwenye kijiti cha padi, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, tangu mechi ianze. Kano mbili za gumba, yaani nyuzi zinazounganisha misuli na mifupa, hupita pamoja ndani ya mfereji mwembamba ubavuni mwa kifundo cha mkono, upande ule ule wa gumba. Zikisuguliwa kutwa, ala inayozifunika hunenepa na nafasi ikapungua, kila msogeo ukawa na maumivu. Daktari Fritz de Quervain wa Uswisi aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895, na hadi leo kina mama wenye watoto wachanga huupata sana kwa kuwainua. Jipime hivi: kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Hata mkono usio na shida utavuta kidogo, kwa hiyo linganisha mikono miwili. Ule unaokufanya ukunje uso ndio wenye shida.

Ukijigundua hivyo, usikimbilie kuvutwa gumba. Wakandaji wetu wana mikono mizuri kwa misuli ya mgongo iliyokaza, ila kano iliyovimba ikivutwa kwa nguvu huzidi kuvimba. Tafuta bendeji ngumu inayoshika kifundo pamoja na gumba, uivae wiki mbili au tatu, hasa usiku na unapofanya kazi za mikono. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi, hutuliza. Haiponyi, hutuliza tu. Maumivu yakishapoa, chukua raba ya kufungia pesa, izungushe kwenye gumba na vidole, kisha fungua mkono polepole na urudishe polepole, mara kumi, siku moja ndiyo siku moja hapana.

Tena tazama unavyoishika padi. Kuna kijana pale bandani ambaye kila akifika dakika za mwisho kucha zake hugeuka nyeupe. Padi haitaki nguvu hiyo. Nilimwambia kila mpira ukitoka nje, alegeze vidole vyote na kuilaza padi mapajani. Ni sekunde mbili tu, lakini katika mechi moja zinakuja mara nyingi.

Wanaotumia kipanya na kibodi huumia zaidi kiwikoni, upande wa nje, pale misuli inayoinua kifundo inapojishikiza kwenye mfupa. Dawa ya hapo ni kuipa kano nguvu. Laza kigasha juu ya meza, kiganja kikitazama chini na mkono ukining'inia ukingoni, ushike chupa ya maji ya nusu lita. Inua kwa msaada wa mkono wa pili, kisha shusha peke yako ukihesabu hadi nne. Mara kumi, pumzika, rudia, hadi raundi tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Maumivu madogo yanaruhusiwa: tatu kati ya kumi, yasizidi hapo, na yawe yametulia kufikia asubuhi. Kano hujengeka kwa wiki nyingi, sita hadi kumi na mbili, na kijana anayeacha wiki ya pili kwa kuwa "haifanyi kazi" hunisikitisha sana.

Wa simu, nyinyi angalieni ganzi. Kiwiko kikikaa kimekunjwa kwa saa nyingi, au kikiegemea ubao mgumu, ganzi huja kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Nyoosha mikono baada ya kila raundi, weka mto chini ya viwiko, na usiubebeshe uzito wa simu kidole kidogo peke yake. Ganzi ikiwa ya gumba, shahada na kidole cha kati, hasa ikikuamsha usiku hadi uukung'ute mkono, basi ni mshipa wa fahamu unaobanwa kifundoni. Lala umevaa bendeji inayonyoosha kifundo, na upimwe sukari pia, kwa sababu kisukari huiharibu mishipa hiyo. Jian Zihao wa China, yule Uzi wa gemu ya kompyuta ya League of Legends, alitangaza kuacha mashindano Juni 2020 akiwa na miaka 23 tu, na kisukari aina ya pili kilikuwa mojawapo ya sababu. Hizo soda za kukeshea naziona, jamani. Kunyweni maji.

Shingo haina maneno mengi. Kichwa kina uzito wa kilo tano hivi, na ukikisukuma mbele misuli ya nyuma ndiyo inayokishikilia. Shusha runinga hadi usawa wa macho. Kama mwenye banda hataki, rudisha benchi nyuma ili usiinue kidevu, na uegemeze mgongo ukutani.

Sasa jambo ambalo ningetamani kila kapteni wa timu alishike. Kinachowaumiza zaidi ni kuongeza saa ghafla. Kijana alikuwa akicheza saa mbili kwa siku. Mashindano yakitangazwa anaruka hadi saba, halafu anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, ili amalize. Dawa imezima kengele, kano inaendelea kuchanika. Ongezeni nusu saa kwa siku chache, kisha nusu nyingine, na wiki ya mwisho mpunguze. Aliyekwisha kuumia akate saa zake nusu, asiache kabisa, maana mkono uliolala mwezi mzima hurudi dhaifu. Clinton Loomis wa Marekani, anayeitwa Fear kwenye gemu ya Dota 2, aliumwa mkono mwaka 2014 akakaa nje, akawa kocha wa timu yake ya Evil Geniuses. Agosti 2015, huko Seattle, alikuwa mchezaji tena na wakatwaa The International, mashindano makubwa ya Dota 2. Kukaa nje msimu mmoja hakukummaliza.

Kuna dalili ambazo hazingoji mazoezi yangu. Vikombe vinakuponyoka, nyama ya shina la gumba inapungua, kiungo kimevimba, ni cha moto na una homa, vidole vya mikono yote vinakakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, au maumivu ya shingo yanakuja na miguu kulegea. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kesho ni fainali.

Na ukifika, usiseme tu "mkono unauma". Sema unacheza saa ngapi kwa siku, ziliongezeka lini, ganzi iko vidole gani, umemeza dawa gani. Beba na padi yako. Nikikuona ulivyoishika kwa dakika tano, najua zaidi kuliko picha ya eksirei itakavyoniambia.