Jinsi ya kumtumia mpenzi wako mwanajeshi boksi Djibouti na penzi lisipoe

Hii ni kwa kina dada mlioko Marekani wenye mchumba jeshini, na Waswahili wenzetu waliovaa kombati za US Army wapo wengi tu. Sa hivi kapelekwa Camp Lemonnier pale Djibouti, kambi ya zamani ya Wafaransa, joto la kiangazi linapita digrii 40, na wewe umebaki Minneapolis unaiangalia simu. Boksi linasaidia sana, ila si boksi lolote tu.

Anwani kwanza. Usiandike neno Djibouti popote, ukiweka jina la nchi mzigo unaweza kuingizwa kwenye posta ya kimataifa na utausubiri mpaka uchoke. Andika jina lake kamili, yuniti yake, kisha FPO AE na zip aliyokupa yeye, basi (hizo ni herufi za posta ya jeshi: kambi za jeshi la nchi kavu ni APO, hii iko chini ya Navy, jeshi la majini, ndo maana FPO). Gharama ni ileile ya ndani ya Marekani. Maboksi ya flat rate (bei moja hata yakiwa mazito) posta wanayatoa bure, chukua lile kubwa la APO/FPO bei yake iko chini kidogo na linabeba hadi paundi 70, sema fomu ya kastamu lazima, na utaje kilichomo kimoja kimoja sio uandike "zawadi" ukaondoka.

Sasa cha kuweka. Usikimbilie dukani, muulize, na akijibu "usijisumbue bwana niko poa" kama wanavyojibu wote, we zunguka: viatu vinakubana wapi, ukitoka lindo usiku unakunywa nini, unalala chumba kimoja na nani na huyo anapenda nini. Hapo ndo utajua kama ni soksi, poda ya miguu, wipes, au juisi za unga za kumimina kwenye chupa ya maji. Halafu weka cha nyumbani, majani ya chai, pilau masala, njugu, chevda, ubuyu, na ubuyu uwe mwingi jamani maana boksi likifunguliwa kambini wenzake wote wanasogea, wakishaonja wataanza kumuuliza shemeji atatuma lini tena, yani unatajwa kila siku na wala hupo. Chokoleti sahau, itafika uji. Sabuni ya kunukia ifunge mbali na chakula la sivyo atakula njugu za lavenda. Pombe posta haibebi kabisa, na kila zip ina makatazo yake, yasome kwenye tovuti ya USPS, posta ya Marekani, kabla hujapiga gundi.

Barua ndo yenyewe. Andika kwa mkono, kadhaa kwa mpigo, kila bahasha uiandikie lini ifunguliwe: ukikosa usingizi, siku bosi akikufokea, ukinikumbuka. Andika mambo madogo, jirani kapaka mlango rangi gani, mama yako kapiga simu kasema nini. Ila ugomvi usiutie kwenye boksi hata siku moja! Mzigo unachukua wiki mbili tatu njiani, nyie mlishapatana kwenye WhatsApp zamani halafu inatua karatasi yenye hasira za mwezi uliopita, utaanza kueleza upya kitu ambacho hata wewe ushakisahau.

Na chagua mwendo utakaouweza miezi tisa yote. Boksi dogo kila baada ya wiki tatu ni bora kuliko li-boksi la dola mia tatu halafu kimya, mtu akizoea kusubiri kitu na kisije anaanza kuwaza mengine.

Kama hamjaoana jua jeshi halikutambui. Likitokea lolote wanaopigiwa ni waliojazwa kwenye DD Form 93, fomu ya askari ya watu wa kuarifiwa wakati wa dharura, mara nyingi mke na wazazi, kwa hiyo jenga urafiki na mamake mapema, mpigie, msalimie, mwambie nini kimo kwenye boksi la mwezi huu. Na tarehe zake za kusafiri usizianike Facebook.

Kwa wale waliokutana na "mwanajeshi" mtandaoni tu: jeshi halimlipishi askari hela ya likizo, chakula wala matibabu. Huyo anayetaka gift card, au anakupa jina la "ajenti" badala ya anwani ya APO, mblock tu, usimjibu ata salamu.

Akianza kutaja kurudi, acha kutuma kama wiki sita kabla, maboksi yatamkosa yaanze safari ya kurudi nyuma yake na ubuyu wote ndani. Na tiketi ya kwenda kumpokea nunua inayobadilishika, tarehe ya jeshi inaweza kusogezwa mara tatu ndani ya wiki moja.