Lipe daraja anwani yake kabla ya kuongeza milango
Ukijaribu msimbo wa daraja la mtandao (swichi ya programu inayounganisha mashine) katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, kama tufanyavyo hapa Mtwara kwa mashine pepe tatu (kompyuta za kiprogramu) ndani ya kompyuta moja, liwekee daraja anwani ya MAC (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) mapema; hapa br0 ni jina la daraja: ip link set dev br0 address 02:00:00:00:00:10. Usipoiweka, kerneli huchagua anwani iliyo ndogo kuliko zote za milango yake (violesura vya mtandao vilivyounganishwa nalo) na huichagua upya kila mlango unapoingia au kutoka, hivyo mashine ya tatu ikiwashwa mawasiliano na daraja huweza kukatika ghafla, nawe ukaanza kupekua msimbo usio na kosa. Ukishaiweka kwa mkono, haibadiliki. Njia hii hushindwa pale diski iliyonakiliwa inapopeleka anwani hiyohiyo kwenye kompyuta nyingine ya mtandao uleule. Hapo badilisha tarakimu za mwisho kwenye mojawapo, 02 ya mwanzo ibaki.